Jinsi ya Kuwatofautisha Vigong'ota na Wakamata-nzi Wanaofanana, Kutoka Nakuru Hadi Kakamega

Anayeanza kutazama ndege huku kwetu hapati taabu na heroe wa Ziwa Nakuru wala na tai mvuvi wa Kisumu. Taabu huanza anapofikia makundi mawili. La kwanza ni la vigong'ota, ambao karibu wote wana mgongo wa rangi ya zeituni na wekundu kidogo kichwani. La pili ni la ndege wadogo wa kijivu au kahawia wanaokaa wima tawini, wakamrukia mdudu hewani na kurudi palepale. Hawa wa pili nitawaita wakamata-nzi, kwa kazi yao. Kwa kuwa majina ya Kiswahili ya spishi zao hayajaenea, nitaambatanisha jina la kisayansi ili msomaji aweze kumtafuta ndege huyohuyo katika kitabu chochote alicho nacho.

Mpangilio ninaoufuata ni ule ninaoutumia na wanafunzi wangu: mahali na mwezi kwanza, mwenendo wa ndege pili, alama za mwili tatu, na jina mwisho kabisa. Anayeanza na jina hulilazimisha jicho lake lione kile ambacho picha ya kitabuni imeahidi, na ndege aliyeko mtini huwa hapati nafasi ya kutazamwa.

Hatua ya kwanza: vifaa, saa na maneno

Darubini ya kukuza mara nane inatosha, na ndani ya msitu ni bora kuliko ya mara kumi, kwa sababu inaonyesha eneo pana zaidi na mtetemo wa mkono hauonekani sana. Beba daftari dogo na penseli badala ya kalamu ya wino, kwa maana mvua ya Kakamega mara nyingi hunyesha alasiri na wino huyeyuka. Uwe umefika mahali pako kabla ya saa moja asubuhi. Kuanzia saa nne jua huwa kali, vigong'ota hunyamaza, na rangi za ndege aliye juu ya mti hufifia dhidi ya mwanga.

Yako maneno matatu ambayo ni lazima uyatenganishe kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu zaidi ya nusu ya kazi ya kumtambua kigong'ota imo humo. Michirizi ni mistari inayoshuka kwa urefu wa mwili, kutoka kooni kuelekea mkiani. Mistari ya kukingama ni ile inayokata mwili kwa upana, kama vipandio vya ngazi. Vitone ni alama za duara zilizotawanyika. Zizoee pia sehemu za kichwa: paji la uso, utosi, kisogo, shavu, na mstari wa sharubu unaoteremka kutoka pembeni mwa mdomo. Mwanafunzi anayeniambia "alikuwa na madoadoa" hajanisaidia, lakini anayesema "vitone kifuani, sharubu nyekundu, utosi wote mwekundu" amekwisha kumtaja ndege hata bila kujua.

Hatua ya pili: andika mahali na mwezi kabla ya kumwandika ndege

Katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 1968, mazingira ni ya migunga yenye magome ya manjano, vichaka vikavu, na msitu wa yuforbia upande wa mashariki. Maji ya ziwa yalipopanda katika miaka iliyofuata 2010, migunga mingi ilifia ikiwa imesimama majini. Ni hasara kubwa kuitazama, lakini kwa mwanafunzi wa vigong'ota shina kavu lisilo na majani halimfichi ndege. Msitu wa Kakamega ni jambo jingine kabisa. Huo ni ncha ya mashariki ya misitu ya mvua ya bonde la Kongo, na una ndege ambao huwezi kuwapata Nakuru hata ukikaa mwaka mzima. Kisumu nako kuna mafunjo ya ukingo wa Ziwa Viktoria, na hayo yana mkamata-nzi wake maalumu. Kwa hiyo mahali peke yake huipunguza orodha yako ndefu ikabaki majina matatu au manne.

Mwezi una uzito huohuo kwa wakamata-nzi. Mmoja wao, Muscicapa striata, huzaliana Ulaya na Asia na hufika kwetu kuanzia Oktoba hadi Aprili tu. Nilijifunza maana ya jambo hili Dunga, nje kidogo ya Kisumu, nikiwa na wanafunzi wanne kando ya mashua zilizovutwa ufukoni. Juu ya kasia lililosimikwa matopeni alikaa ndege mdogo wa kahawia, akaruka hadi juu ya maji, akarudi kwenye kasia lilelile. Mwanafunzi mmoja alisema bila kusita kwamba ni yule mgeni wa Ulaya. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akishona wavu alitusikiliza, kisha akasema kwa upole, "Huyo si mgeni, mwalimu. Huyo tuko naye hapa mwaka mzima, hata watoto wake nawaona." Ilikuwa Julai. Tulipotazama tena tuliona koo jeupe, tumbo jeupe, na katikati yake kifua cha kahawia kilichopita kama mshipi, bila michirizi. Alikuwa Muscicapa aquatica, mkamata-nzi wa mafunjo. Tangu siku hiyo huwauliza wavuvi na wachungaji kabla ya kufungua kitabu.

Hatua ya tatu: hakikisha kwamba ni kigong'ota kweli

Sauti ya kugonga huwapotosha wengi. Ukisikia "tok, tok, tok" iliyo sawasawa, ikiendelea dakika nzima kutoka kileleni mwa mti wa msituni, hakuna mti unaogongwa: huo ni wimbo wa ndege mdogo mnene wa jamaa ya zuwakulu, Pogoniulus bilineatus, na kishindo chote hutoka kooni mwake. Kigong'ota anapotafuta chakula hugonga bila mpangilio, akagonga mara mbili tatu, akanyamaza, akasogea.

Tazama miguu na mkia. Kigong'ota ana vidole viwili vya mbele na viwili vya nyuma, na manyoya ya mkia wake yana mishipa migumu anayoiegemeza kwenye shina kama mguu wa tatu. Ukiona ndege mweusi anayeng'aa, mwenye mkia mrefu na mdomo mrefu mwekundu uliopinda, anapanda shina pamoja na wenzake watano au sita wakipiga kelele, huyo ni Phoeniculus purpureus, jamaa ya hudihudi. Nakuru yuko mwingine wa kuangaliwa kwa makini, Jynx ruficollis, ambaye ni wa ukoo wa vigong'ota lakini hafanani nao kwa umbo: ana rangi ya gome la mti, koo la kahawia-nyekundu na mkia laini, na hupenda kukaa juu ya nguzo za ua au matawi makavu akilia "kwii-kwii-kwii". Nakuru ni mojawapo ya sehemu bora nchini za kumwona, na mgeni anayetafuta kigong'ota wa kawaida humpita bila kumjua.

Hatua ya nne: vigong'ota wa migunga

Anza tumboni, si kichwani. Wekundu wa kichwani huvuta jicho mara moja lakini hubadilika kati ya dume na jike, ilhali alama za kifuani na tumboni ni zilezile kwa wote wawili.

Vikiwa vitone vilivyo wazi kwenye kifua cheupe au cha maziwa, na ndege analingana na shore kwa ukubwa, mfikirie Campethera nubica. Mgongo wake ni wa zeituni-kahawia wenye alama nyeupe. Dume ana utosi mwekundu wote kutoka paji hadi kisogo, na sharubu nyekundu. Jike ana wekundu kisogoni peke yake; paji na sehemu ya mbele ya utosi ni nyeusi yenye vitone vyeupe, na sharubu zake pia ni nyeusi zenye vitone. Tofauti hii ilinikosesha mimi mwenyewe. Kwenye mgunga mmoja mkavu kando ya ziwa niliwahi kuona ndege wawili shina moja, nikawaandika kama spishi mbili na kuondoka nimeridhika. Wiki iliyofuata niliwakuta tena mahali palepale. Mmoja alianza mlio mkali kama wa chuma kinachogongwa, ukienda kasi zaidi na zaidi, na wa pili akamwitikia kabla hajamaliza, sauti zao zikaingiliana. Walikuwa mume na mke. Kuitikiana huko ni alama kubwa ya spishi hii, na msomaji atakayeijua sauti hiyo atamtambua bila hata kuinua darubini.

Ikiwa kifua kina michirizi badala ya vitone, na ndege ni mdogo kama shomoro, karibu sentimita 15 tu, huyo ni Dendropicos fuscescens, kigong'ota anayepatikana mahali pengi zaidi kuliko wote, hata kwenye vijiti vyembamba vya bustani za mjini. Paji lake ni la kahawia. Dume ana wekundu kuanzia katikati ya utosi hadi kisogoni. Jike hana wekundu wowote, kisogo chake ni cheusi. Sharubu zake ni za giza kwa dume na jike, na jambo hilo linatosha kumtenga na dume wa nubica hata ukiwa umekosa kukadiria ukubwa. Mwangalie pia anapotafuta chakula: hupenda ncha za matawi, ambapo kigong'ota mkubwa hawezi kushika.

Mkubwa wa migunga ni Dendropicos namaquus, karibu sentimita 24. Huna haja ya kuhangaika naye ukiuona uso: mweupe, una baka jeusi nyuma ya jicho na sharubu nyeusi nene, mithili ya ndevu. Chini ana mistari myembamba ya kukingama. Upigaji wake wa ngoma juu ya tawi kavu huanza kwa kasi kisha hupungua, na mwishoni unasikia mapigo mojamoja yaliyoachana. Wengine wa Dendropicos pia hupiga ngoma, ilhali Campethera hupiga kwa nadra na hutegemea zaidi sauti ya koo.

Wa mwisho katika kundi hili hana vitone, michirizi wala mistari kifuani. Kichwa na kifua ni kijivu kitupu, mgongo ni wa kijani cha zeituni, na juu ya mkia ana wekundu mkali unaoonekana anaporuka. Dume huongeza wekundu utosini. Huyu ni Dendropicos goertae, na utamkuta mashambani pia, kuanzia nyanda za juu hadi karibu na Kisumu. Wale wa nyanda za juu huwa na wekundu mwingi zaidi tumboni.

Hatua ya tano: vigong'ota wa Kakamega

Hapa subira inahitajika. Mwanga ni hafifu, ndege wako juu, na migongo yao karibu yote ni ya kijani isiyo na alama, kwa hiyo mgongo hautakusaidia. Simama mahali pamoja kwa nusu saa kwenye njia za Isecheno au Buyangu, usubiri kundi la ndege mchanganyiko lipite, kwa sababu vigong'ota hufuatana nalo.

Mdogo kuliko wote ni Campethera nivosa. Chini ni zeituni ya giza iliyojaa vitone vya rangi ya maziwa, na dume ana wekundu kisogoni lakini hana sharubu nyekundu. Mara nyingi hukaa bila kusogea akidonoa kwenye vichuguu vya sisimizi na mchwa vilivyojengwa juu ya miti. Campethera caroli ni mkubwa kidogo, naye pia ana vitone vingi chini, hivyo hawa wawili hukosewa sana. Tazama shavu. Caroli ana baka la kahawia linaloanza kwenye jicho na kushuka nyuma ya shavu, na kuzunguka baka hilo ni weupe-kijani wenye vitone. Nivosa hana baka hilo. Sikiliza vilevile: mlio wa caroli ni mluzi mrefu wa huzuni, unaopanda kidogo kisha kushuka, na ukisikia mara moja hutausahau.

Dendropicos xantholophus ni mkubwa kuliko hao wawili, ana uso wenye mistari myeupe na ya giza, na dume ana manjano ya dhahabu utosini mahali ambapo wenzake wana wekundu. Manjano hayo huonekana vizuri anapoinamisha kichwa kugonga, hivyo msubiri agonge. Jike hayana, na hapo utategemea ukubwa na uso. Ukiona mwenye mistari myembamba ya kukingama chini, na shavu la kijivu lenye vitone vidogo sana, mfikirie Campethera tullbergi, ambaye kwao hasa ni misitu ya miinuko kama ya Mau.

Usimwite ndege kwa kumchezea sauti ya simu mara kwa mara, na usigonge shina lenye tundu ili atoke. Tundu la kigong'ota huchukua siku nyingi za kazi kulichonga, na analoliacha huwa nyumba ya ndege wengine wasioweza kuchonga.

Hatua ya sita: wakamata-nzi wa kijivu na kahawia

Kwa hawa mwenendo hutangulia rangi. Jiulize anakamata wapi: hewani, ardhini, au kwenye majani?

Anayekamata hewani na kurudi kwenye tawi lilelile, Nakuru au Kakamega, mara nyingi ni mmoja wa wawili. Muscicapa striata ana urefu wa sentimita 14, hukaa wima sana, mabawa yake ni marefu, na ana michirizi myembamba iliyo wazi utosini na kifuani. Muscicapa adusta ni mfupi na wa mviringo, karibu sentimita 11, kifua chake ni kijivu-kahawia kilichofifia bila michirizi iliyo wazi, na hukaa pembezoni mwa miti na bustanini mwaka mzima. Kama utosi una michirizi na mwezi ni Januari, ni yule mgeni. Kama hauna, na ndege ni mdogo sana, ni mwenyeji.

Anayeshuka ardhini kuokota mdudu kisha akapanda tena ni wa aina nyingine. Katika nchi ya migunga ni Melaenornis microrhynchus, wa kijivu mwenye michirizi midogo utosini, au Agricola pallidus, wa kahawia usio na alama yoyote. Ukosefu wa alama ndiyo alama yake. Bustani za Nakuru zina Melaenornis fischeri, wa kijivu cha mawe, mwenye duara jeupe nene kuzunguka jicho. Anaonekana hata jua likishatua, wakati ndege wengine wamelala. Kwa huyo mkubwa hakuna shaka, ila watoto wake huwa na vitone mwili mzima, kama walivyo watoto wa wakamata-nzi karibu wote. Ndege mwenye vitone mgongoni na mkia mfupi usimtafutie jina jipya kabla ya kungoja mzazi aje kumlisha.

Anayetafuta katikati ya majani akiufungua mkia kama upepeo na kuonyesha nyeupe pembeni ni Myioparus plumbeus. Rangi yake ni kijivu kama ya wengine, lakini hao wengine hawachezeshi mkia hivyo.

Yuko mmoja wa Kakamega na Nandi ambaye ningependa kila msomaji amjue: Fraseria lendu. Ni kijivu-kahawia, hana michirizi, hukaa kimya juu katika miti mikubwa ya msitu uliokomaa, na ni spishi iliyo hatarini duniani. Anafanana sana na adusta, na kwa sababu hiyo yafaa kumwandika tu baada ya kumtazama kwa muda mrefu, na ikiwezekana ukiwa na mtu mwingine aliyemwona vilevile. Rekodi yenye makosa ya ndege adimu humdhuru, kwa maana huonyesha kwamba yupo mahali ambapo hayupo.

Hatua ya saba: weusi watatu wa magharibi

Kisumu na Kakamega kuna ndege watatu weusi wanaochanganywa kila siku. Mlamba ana mkia uliogawanyika kama wa samaki, jicho jekundu, na kelele nyingi. Melaenornis edolioides ni mweusi usiong'aa, jicho lake ni la giza, mkia hauna mgawanyiko, na ni mtulivu. Wa tatu ni dume wa Campephaga, mwenye weusi unaong'aa, ambaye hupita polepole ndani ya majani akitafuta viwavi na harukii mdudu hewani. Pembeni mwa mdomo wake kuna ngozi ya manjano au ya chungwa. Mkia na jicho vinatosha kuwatenga wawili wa kwanza, na mwendo unamtenga wa tatu.

Hatua ya nane: andika kabla ya kufungua kitabu

Chora umbo la ndege hata kama hujui kuchora, uweke mishale kwenye sehemu ulizoziona, na uache wazi zile ambazo hukuziona. Nafasi iliyoachwa wazi ina maana kama iliyojazwa, kwani ukirudi utajua utazame wapi. Nakala hii nimeitoa kwenye daftari la mwanafunzi wangu wa darasa la saba, nami sikuibadilisha neno:

"Nakuru, mgunga mkavu ndani ya maji, saa moja na robo. Kigong'ota, kama shore. Kifua vitone. Sharubu nyeusi na vitone. Utosi mbele mweusi, nyuma mwekundu. Mgongo sikuuona. Alilia, mwingine akajibu kutoka mti wa pili. Jina: bado."

Jina nililiandika mimi pembeni kwa penseli, jioni, baada ya yeye mwenyewe kulipata kwenye kitabu: Campethera nubica, jike.